Ukuta umeota ukungu, wenye nyumba wanataka nisaini nilipe. Nifanyeje? (Dresden, Ujerumani)

BintiTanga

Habari zenu ndugu. Naombeni ushauri, na kama inawezekana uwe wa haraka maana nimepewa mpaka Ijumaa ijayo.

Nilifika Dresden mwezi wa kumi, nasomea mambo ya maji, shahada ya uzamili. Nimepanga chumba mtaa wa Löbtau kwenye nyumba ya zamani, tuko watatu, kila mtu na chumba chake, jiko na bafu tunachangia. Jumamosi hereni yangu iliangukia nyuma ya kabati, nikalivuta niiokote. Kona yote ya ukuta, toka sakafuni mpaka usawa wa kiuno, ina madoa meusi kama mtu alikung'utia kalamu ya wino. Begi langu lilikuwa limeegemea hapo hapo. Ndani yake kulikuwa na doti ya kanga aliyonipa mama usiku wa kuondoka. Sijaivaa hata mara moja, naiwekea siku ya kumaliza. Pindo lote limeota ukungu. Nimefua mara tatu. Harufu imetoka, madoa yamegoma.

Nilipiga picha, nikaiandikia barua pepe kampuni inayosimamia nyumba. Jumatatu akaja bwana mmoja, akaangalia kama dakika tano, akaondoka. Jana imekuja barua: ukungu umesababishwa na mimi kutopitisha hewa, kusafisha na kupaka rangi ni euro 480, nisaini kwamba nimekubali ili wakate kwenye Kaution, ile amana niliyoweka nilipopanga. Kaution yangu yote ni euro 720. Naishi kwa zile euro 992 kwa mwezi za Sperrkonto, ile akaunti ya viza inayokutolea hela kidogo kidogo kila mwezi, kodi humo humo, bima ya afya humo humo.

Sitawaficha kitu. Dirisha nilikuwa nafunga. Toka Novemba nimekunja taulo nikalikandamiza chini ya dirisha kuzuia upepo. Nguo naanika chumbani, kwani nitaanika wapi jua lenyewe linazama saa kumi jioni? Hita naiweka namba 1 kwa kuogopa bili. Kwetu Tanga dirisha lina nondo na wavu wa mbu, na likishafunguliwa asubuhi halifungwi mpaka ije mvua ya upepo. Hewa inapita yenyewe, hakuna anayeipitisha. Nilipokuja huku nikaona kila mtu anaogopa baridi, nikajua kufunga ndiyo kuitunza nyumba.

Kilichoniuma kuliko hizo hela ni mwenzangu mmoja wa humu ndani kuniambia labda "kwenu" hatujazoea kuishi kwenye nyumba za namna hii. Nimeanza kufagia na kupiga deki nikiwa na miaka sita. Naijua nyumba.

Basi naomba kujua: nisaini? Na nikibaki humu, nifanye nini usirudi?

MsomiWaKassel

Pole sana dada. Usitie sahihi. Hata kama kosa ni lako nusu, ukishasaini limekuwa lako lote.

Ulipoingia mlijaza Übergabeprotokoll, ile karatasi ya hali ya chumba? Itafute leo. Piga picha tena kabla hujafuta chochote, weka rula ukutani ili ukubwa uonekane, na picha za nje pia, upande ule ule wa ukuta. Mimi nilisahau za nje na nikajuta.

Kaka_Rhein

Mimi nitakuwa tofauti na wengine. Lilinikuta jambo kama hilo mwaka wangu wa pili na nililipa. Ukitaka kuhama, mwenye nyumba mpya ataomba karatasi ya mwenye nyumba wa zamani kwamba hudaiwi kodi. Ukigombana nao utaipata lini? Chuo ni kigumu, lugha ni ngumu, usijiongezee kesi. Lipa, soma, maliza.

MamaWawili

Mwanangu, pole. Mimi ni mtu wa Unguja, niko Hamburg tangu 1998, na nyumba yangu ya kwanza hapa iliota ukungu mpaka nyuma ya kitanda cha mtoto. Kwa hiyo nakwambia kitu ninachokijua.

Kwanza hiyo karatasi. Kaka_Rhein namuelewa, hofu hiyo tumeipitia sote, lakini kukataa kusaini si ugomvi, na karatasi anayoisema ni ya kodi. Mradi kodi unalipa kwa wakati, hudaiwi kodi. Sheria ya hapa inamtaka mpangaji akiona kasoro amjulishe mwenye nyumba bila kukawia. Wewe umeshafanya hivyo, tena kwa maandishi. Ukungu unaweza kutokana na mpangaji, na unaweza kutokana na jengo: bomba, paa, ukuta wa nje wenye ubaridi. Wao ndio waanze kuonyesha kwamba jengo halina tatizo. Kuangalia kwa macho dakika tano hakuonyeshi hilo. Wajibu kwa heshima: nimepokea barua, sikubaliani na madai, naomba chanzo kichunguzwe. Mistari mitatu inatosha. Usikate kodi hata senti kabla hujaongea na mtu wa sheria, wengi wameponzwa na hilo.

Mtu wa sheria huna haja ya kumlipa. Uliza Studentenwerk, ile ofisi ya huduma za wanafunzi, au chama cha wanafunzi chuoni kwako, mara nyingi wana ushauri wa sheria wa bure kwa wanafunzi. Pia upo Mieterverein, chama cha wapangaji, unalipa ada ya mwaka.

Sasa hilo dirisha. Nisikilize vizuri kwa sababu mimi hakuna aliyenieleza, waliniambia tu "lüften, lüften", yaani pitisha hewa, nikadhani wanataka nife na baridi. Dirisha la hapa ukigeuza mkono wake juu linainama kidogo, hivyo ndivyo tunavyoliacha sisi tukidhani tumefanya hisani. Kumbe ndivyo unavyoupoza ukuta siku nzima na hewa haibadiliki. Fungua wazi, lote, dakika tano, hita imefungwa, na mlango wa chumba na dirisha la jikoni navyo wazi ili upepo ukate nyumba. Kisha funga, rudisha hita. Asubuhi ukiamka, mchana ukiwepo, jioni kabla ya kulala. Ukipika ugali au ukioga, tena. Ukuta na vitu vya ndani vimeshika joto, hewa itapata moto upesi.

Hita namba 1 iache. Namba 3 ni kama nyuzi 20, namba 2 kama 16. Chumba baridi ndicho kinachoota. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, acha nafasi ya mkono wako kupita. Nunua kipima unyevu, ni kama euro 10. Kikae kati ya asilimia 40 na 60. Toa hilo taulo leo hii.

Madoa ukishayapiga picha, na kama ni eneo dogo, futa kwa spiriti ya asilimia 70 au 80, dirisha wazi, glavu mkononi, na usiwashe moto karibu. Siki usitumie kwenye chokaa.

Na huyo mwenzako, mwambie Wajerumani wenyewe wanaandikiwa kwenye mikataba yao ya kupanga jinsi ya kufungua madirisha. Haya hayazaliwi na mtu, yanafundishwa. Kwako hayakufundishwa kwa sababu hayakuhitajika.

BintiTanga

Shikamoo mama. Nimesoma huku nalia kidogo, asante sana. Taulo nimetoa. Nitarudi kuwaambia.

MamaWawili

Marahaba mwanangu. Rudi kweli.

BintiTanga

Nimerudi, zimepita wiki tano.

Sikusaini. Nilipata miadi ya ushauri wa sheria wa wanafunzi, bure kabisa, mama wa makamo, akasoma barua, akaniuliza swali moja: "Nje ya kona hiyo kuna nini?" Nilikuwa na picha, asante MsomiWaKassel. Kuna bomba la maji ya paa, na ukutani pembeni yake mstari wa ukijani. Akaniandikia barua, nikaituma kwa njia ya kusajiliwa. Baada ya siku kumi na mbili akaja fundi mwenye kipimo cha unyevu wa ukuta. Bomba limepasuka kwenye maungio, mvua ikinyesha maji yanashukia ukutani. Wamelitengeneza. Rangi watapaka Aprili ukuta ukikauka, na zile 480 wameandika kwamba hawazidai tena.

Lakini nataka niseme ukweli wote, maana kuna atakayesoma hapa akadhani ni bomba tu. Nilifua, nikapima suruali yangu ya jinzi kwa mizani ya jikoni ikiwa imetoka kwenye mashine: gramu 990. Ilipokauka: 640. Gramu 350 za maji zimeingia hewani chumbani, suruali moja. Chumba changu kina kama mita za ujazo 48. Hewa ya nyuzi 20 inabeba gramu 17 hivi za mvuke kwa kila mita ya ujazo, haiwezi kuzidi hapo, kwa hiyo chumba kizima ni kama gramu 830. Suruali moja inakula karibu nusu ya nafasi yote! Na mimi nilikuwa naanika mashine nzima, dirisha limekandamizwa taulo. Maji yale yalienda kutua kwenye kona iliyo baridi kuliko zote, ambayo tayari bomba lilikuwa linailowesha kwa nje.

Hewa ya nje ikiwa nyuzi sifuri inabeba gramu 5 tu hata ikishiba kabisa. Ukiiingiza ndani ikapata joto, ina kiu. Ndiyo maana dirisha likifunguliwa hata siku ya mvua chumba kinakauka. Hili nililisoma darasani Dar mwaka wa kwanza, na nikafaulu, lakini sikuwahi kuishi mahali ambapo nje ni sifuri na ndani ni 20.

Kipimo changu leo kinasoma 47. Kabla ya hapo kilisoma 74.

Kabla sijaja nilihudhuria vikao viwili vya maelekezo, nikasoma kila kitu kuhusu viza, Sperrkonto, bima, Anmeldung (kuandikisha anwani). Dirisha halikutajwa. Nimemuomba anayeendesha kikao cha wageni hapa chuoni aniachie dakika kumi mwezi wa nne, amekubali.

Kanga bado ina madoa. Mama nimemwambia, akasema nisiifue tena nitaichosha, niivae hivyo hivyo.

Vile vipima unyevu vilikuwa vinauzwa viwili kwa pakiti. Kimoja kimebaki. Anayekuja Dresden muhula wa Aprili aniandikie, nitampelekea.