Yeremia 29:10: tufunge virago?

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Jumamosi kwenye sala ya nyumba kwa nyumba tulisomewa Yeremia 29:10, Mungu anaahidi kuwarudisha watu wake kutoka Babeli. Aliyeongoza akasema hilo ndilo neno letu mwaka huu, tujiandae kurudi. Nimebeba boksi hapa Uingereza miaka minane, nyumba ya Kibaha imefika kwenye lenta. Mume anataka tukate tiketi za kwenda tu. Naombeni mawazo.
Dada wa Northampton

—

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya tiketi, rudi nyuma mistari mitano. Ile ni barua. Yeremia yuko Yerusalemu, anawaandikia waliochukuliwa Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Anaanza na nini? Jengeni nyumba mkae. Pandeni bustani, mle matunda yake. Ozesheni watoto. Uombeeni amani mji mlioko. Kurudi kunatajwa baadaye, tena kwa muda wake: miaka sabini. Piga hesabu. Aliyesomewa barua ile akiwa na miaka thelathini alijua atazikwa Babeli.

Soma na sura ya 28. Hanania, nabii wa uongo, aliwaambia ni miaka miwili tu, akaivunja na nira iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Nani asingempenda? Huyo ndugu yenu wa Jumamosi, anisamehe, kanikumbusha Hanania.

Mimi miaka yangu ya mwanzo hapa niliishi kama niko stendi. Nilinunua seti ya sahani za maua nikaiweka chini ya kitanda, ati ni ya nyumba ya Morogoro, sisi tunakulia za plastiki. Siku naifungua, magazeti yaliyozifungia yamegeuka njano na mtoto aliyezaliwa mwaka ule yuko darasa la nne.

Sasa ya duniani. Kwa miaka minane ya michango inayokatwa kwenye mshahara, kwa kawaida pensheni ya serikali ya hapa hupati kitu, kiwango cha chini ni miaka kumi. Ukaazi wa kudumu unapotea ukikaa nje zaidi ya miaka miwili mfululizo. Na ukichukua uraia wa hapa, wa Tanzania umeuacha, uraia pacha hatuna. Hayo jueni kabla ya kuaga kazini.
Mama wa Leicester

—

Mama shikamoo. Mbona kama unatukataza? Koreshi mfalme wa Uajemi alipowaruhusu, Ezra 2 inahesabu watu 42,360 waliorudi. Na Nehemia je, si alirudi?
Kaka wa Reading

—

Marahaba baba. Alirudi, tena vizuri! Aliomba ruhusa kwa mwajiri wake, ambaye ni mfalme, akamtajia atakaa muda gani, akachukua barua za kuwaonyesha maliwali njiani na nyingine ya kupewa mbao. Sijakataza mtu. Nataka mrudi kama Nehemia, na karatasi mkononi.
Mama wa Leicester

—

Asanteni sana. Mume kasoma, hapo kwenye sahani kacheka mpaka akanyamaza. Tumekata tiketi za wiki tatu, Agosti, tukaione hiyo lenta kwa macho yetu, maana picha anazotuma shemeji naona ni zile zile za mwaka jana, hadi yule mbuzi mlangoni yumo. Mama, vile vipande vya bustani vya halmashauri mnaviombaje? Nina mbegu za mchicha tangu 2021.
Dada wa Northampton