Ulifanya kazi gani, na siku zako zinapitaje baada ya kustaafu?

Mama Masjala:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za siku nyingi.

Mimi ni mtunza kumbukumbu katika halmashauri moja ya wilaya hapa Tanzania, na kazi ya masjala ndiyo pekee niliyoifanya tangu nilipoajiriwa. Nilianza kwa kubeba mafaili kutoka ofisi hii hadi ile, nikapelekwa kozi, na leo mimi ndiye ninayeulizwa barua ya mwaka fulani iko folio namba ngapi, yaani ni karatasi ya ngapi ndani ya faili. Nimeyaona mafaili ya karatasi yakihamia kwenye e-Ofisi, mfumo wa kompyuta wa kutunza mafaili, ambako dokezo linalosubiri uamuzi wa mkubwa halilali tena juu ya meza yangu. Umri wa kustaafu kwa hiari, yaani miaka 55, niliupita bila kuomba, na sasa imebaki miaka 3 nifikishe 60 ya lazima.

Kila ninapolitaja jambo hili watu hunipa habari za mtaji: fuga kuku, nunua bajaji, panda parachichi. Sidharau ushauri huo, lakini ninalouliza ni jambo jingine. Mafaili ya wastaafu yamepita mikononi mwangu kwa miaka mingi. Najua fomu walizojaza, najua walilipwa kiasi gani kusafirisha mizigo hadi kwao, na najua tarehe faili lilipofungwa, ila maisha yao baada ya tarehe hiyo siyajui hata kidogo. Naomba mliotangulia mnieleze mlikuwa mkifanya kazi gani, mliiingiaje, na kazi hiyo imewafaa au imewaponza vipi katika maisha mnayoishi sasa. Jumatatu saa mbili asubuhi mnakuwa wapi?

Mzee wa Stesheni:

Marahaba, mama. Mimi nilikuwa mkuu wa stesheni katika Reli ya Kati. Niliajiriwa mwaka 1978, mwaka mmoja baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule kuvunjika na shirika la reli la pamoja kugawanywa, nikazungushwa katika stesheni ambazo abiria wengi huzipita wakiwa usingizini: Itigi, Malongwe, Usoke, Kaliua. Reli ile ni ya njia moja, na treni mbili hazitakiwi kukutana katikati ya stesheni mbili, kwa hiyo dereva haondoki bila karatasi ya laini klia mkononi, nawe huiandiki karatasi hiyo mpaka mwenzako wa stesheni ya mbele akubali kwa simu kwamba njia iko wazi. Treni ikichelewa saa sita, na wewe unakaa saa sita, macho yameangalia saa ya ukutani na sikio liko kwenye simu.

Kustaafu nilikufanyia mazoezi kabla ya wakati wake. Mvua za mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 zilizoa reli kati ya Kilosa na Gulwe, na treni za abiria za kutoka Dar es Salaam zikasimama kwa miezi. Sare nilikuwa nayo, stesheni ilikuwepo, ila hapakuwa na treni ya kuipokea. Wiki za kwanza nilifurahia. Zilizofuata nikawa nagombana na mke wangu kwa sababu ya chumvi kwenye mboga. Jirani yangu mmoja, mrina asali wa miaka mingi, akaona hali ilivyo, akanichukua porini. Misitu ya miombo ya Tabora ni nyumba ya nyuki, na mimi nilikuwa naishi katikati yake bila kuitazama. Nikaanza na mizinga michache ya kisasa, ambayo huning'inizwa kwa waya ili nyegere asiifikie, na waya wenyewe hupakwa grisi ili sisimizi wasipite. Mtu wa reli hakosi grisi.

Nilipostaafu mwaka 2017 mizinga ilikuwa tayari inanisubiri. Sisi wa mashirika ya umma tuliokuwa PPF, mfuko wetu wa pensheni wa wakati ule, tulizoea tangu zamani kulipwa mkupuo wa asilimia 25 na kinachobaki kuja kila mwezi, kwa hiyo sikuwa na fungu kubwa la kuniumiza kichwa. Mpaka leo naamka saa tisa usiku bila kuamshwa na mtu, kana kwamba kuna treni ya mizigo inaingia. Jumatatu saa mbili asubuhi aghalabu niko njiani natoka mizingani, kwa sababu nyuki hawataki kuguswa jua likiwa kali. Ushauri wangu ni kwamba usianze kwa kutafuta biashara. Tafuta kwanza kitu kitakachokudai ufike kwa wakati.

Mkunga wa Songea:

Naomba kutofautiana kidogo na mzee wangu hapo juu. Yeye kazi yake ilimwacha akawa anatafuta ya kushika. Mimi yangu ilikataa kuniacha. Nilisomea uuguzi na ukunga baada ya kidato cha nne kwa sababu mama yangu mkubwa alikuwa muuguzi na nilipenda weupe wa gauni lake, nikaanzia zahanati, nikaenda kituo cha afya, na miaka yangu ya mwisho niliimalizia katika wodi ya wazazi. Watoto niliowapokea wengine ni madereva wa bodaboda hapa mjini, na baadhi yao hukataa nauli yangu, jambo ambalo mume wangu analiona kuwa ndiyo pensheni ya kweli.

Nilistaafu mwaka 2019. Serikali ilikuwa imesitisha kikokotoo kipya, yaani kanuni mpya ya kupiga hesabu za pensheni, mwezi Desemba 2018, kwa hiyo nikalipwa kwa kanuni ya zamani, nusu kwa mkupuo. Fedha zile zilikuja na wageni wake. Kuna ndugu waliofika kunipongeza wakiwa na begi la nguo, na kuna watu nisiowajua walionipigia simu wakilitaja jina langu kamili na la mwajiri wangu, wakitaka niwatumie ada kidogo ili malipo yangu yaharakishwe. Hao wa simu ukataji wake ni mwepesi. Wa begi ni wagumu zaidi, na hapo mume wangu alinisaidia kwa kutangaza mbele ya wote kwamba fedha zimekwisha kwenye paa la nyumba, jambo ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa kweli.

Kisha nikafungua duka la dawa muhimu. Maduka ya namna hii yalianzia katika mkoa wetu wa Ruvuma mwaka 2003, na nilikuwa nimeyaona yakikua, kwa hiyo sikuingia gizani. Duka hili haliuzi kila dawa. Lina orodha yake iliyoruhusiwa, kama vile dawa mseto ya malaria, ORS ya kuharisha, za maumivu na viuavijasumu vichache, na muuzaji lazima awe na mafunzo yanayotambuliwa. Faida yake ni ya kawaida. Shida iko usiku, pale mtu anapogonga mlango akisema mke wake ameshikwa na uchungu na hataki kwenda kokote ila kwa mama, yaani kwangu. Leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga naihuisha, lakini sizalishi nyumbani na sitazalisha, kwa sababu mama akianza kutoka damu nyingi nyumbani kwangu sina chumba cha upasuaji wala damu ya kumwongezea. Nina tochi, nina namba ya dereva wa bajaji asiyezima simu, na ninawasindikiza hadi hospitali.

Mama Masjala, nikuongezee mawili. La kwanza ni bima: NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, iliendelea kunihudumia mimi na mwenzi wangu baada ya kustaafu, lakini mtoto wetu wa mwisho aliyekuwa bado chuoni alitoka kwenye huduma hiyo, na gharama yake hatukuwa tumeipangia. La pili ni kazi yako yenyewe, ambayo unaiandika kana kwamba inaishia getini pa halmashauri. Mtaani kwetu hakuna nyumba isiyo na mfuko wa nailoni juu ya kabati, umejaa vyeti vya kuzaliwa, risiti, hati za mauziano ya viwanja zilizoandikwa kwenye karatasi ya daftari na kadi za kliniki za watoto ambao sasa wana ndevu. Mwenye nyumba akifariki, ndipo watu wanapoanza kuumwaga mfuko huo kitandani. Mahakama ya mwanzo inataka cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kabla ya kumthibitisha msimamizi wa mirathi, na nimeona familia ikihangaika mwaka mzima kwa sababu jina la marehemu limeandikwa namna tatu katika karatasi tatu. Mtu wa masjala katika mtaa kama huo ana kazi mpaka atakapochoka mwenyewe.

Mhasibu Mstaafu:

Nilikuwa mhasibu wa halmashauri hadi mwaka 2023, kwa hiyo niruhusiwe kuweka hesabu mezani, maana wengi hupanga maisha kwa fedha ambazo hazitakuja. Kanuni iliyoanza Julai 2022 huchukua wastani wa mshahara bora wa miaka mitatu ndani ya miaka kumi ya mwisho, huuzidisha kwa miezi uliyochangia, kisha hugawa kwa 580. Tuseme wastani ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, sawa na 14,400,000 kwa mwaka, na umechangia miezi 360: pensheni yako kamili kwa mwaka ni takriban shilingi 8,938,000. Baada ya marekebisho yaliyotangazwa katika bajeti ya Juni 2024, mtumishi aliyekuwa katika kundi la asilimia 50, ambalo nadhani ndilo lako ikiwa ulianzia LAPF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa halmashauri, hupewa asilimia 40 ya kiasi hicho mara 12.5. Hiyo ni kama milioni 44.7 kwa mkupuo, na asilimia 60 inayobaki inakuletea karibu shilingi 447,000 kila mwezi.

Kwa kanuni ya zamani, iliyogawa kwa 540, ikatoa nusu na kuzidisha kwa 15.5, mtu huyo huyo angeondoka na milioni 74.4 na kupokea 400,000 kwa mwezi. Pengo la mkupuo ni kubwa na kelele zake nazielewa. Hata hivyo niliwaona wastaafu wengi wakipokea hundi zao wakati wa kanuni ile, na waliobaki na kitu baada ya miaka mitatu walikuwa wale waliokwisha jenga na kusomesha kabla hundi haijatoka.

Ninachokiogopa kuliko kikokotoo ni mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa. Nendeni kwenye mashine ya benki siku pensheni inapoingia mkajionee: mkopeshaji ana kadi za wazee mfukoni, amezifunga kwa mpira, na kila kadi ina namba ya siri iliyoandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi. Mwenye kadi amesimama pembeni, akisubiri apewe chake kinachobaki. Mtu huyu alisimamia fedha za serikali au alifundisha watoto hisabati, na bado yuko pale.

Kuhusu swali lako la mwisho, Jumatatu saa mbili asubuhi mimi niko kitandani na sioni aibu. Mchana ndipo ninapokaa na vitabu vya vikoba viwili vya mtaani, vikundi vya kuweka na kukopa, na hesabu za msikiti wetu, kazi isiyo na mshahara ila yenye ugomvi wa kutosha kuniweka macho.

Mwalimu wa Kilifi:

Nawasalimu kutoka Kenya. Nilifundisha Kiswahili na Historia katika shule za upili, sehemu kubwa ya miaka hiyo nikiwa bara, Machakos na kwingineko, mbali na kwetu pwani. Nilikuwa nimejiandaa kustaafu nikiwa na miaka 55, na mwaka 2009, wakati mizigo nimeshaanza kuifunga, serikali ikapandisha umri hadi 60. Wenzangu walishangilia, mimi nilikuwa nimeshamwahidi mke wangu.

Nawaunga mkono waliotangulia, ila hakuna aliyegusia suala la mahali. Nilirudi kijijini nikidhani nawarudia watu wangu, kumbe nilikuwa nawajua kwa likizo za Desemba tu. Minazi ya baba ilikuwa na wagemaji niliowakuta na makubaliano yao, wazee wa rika langu walikuwa na utani wao ambao sikuwamo, na katika kikao cha kwanza cha mazishi nilizungumza kama niko darasani, wakanisikiliza kwa adabu na kufanya walivyotaka. Sasa naishi Kilifi mjini, nafundisha insha watoto wa jirani jioni, na kijijini naenda kila wiki kama mtu wa pale, si kama mgeni mheshimiwa. Dada, likizo zako hizi tatu zilizobaki zitumie huko unakotaka mizigo yako ipelekwe. Nenda msibani, kaa jikoni na wanawake wenzako, ulizia nani kamkosea nani.

Mama Masjala:

Nawashukuru sana, na Mungu awalipe. Mwalimu, umenigusa, kwa sababu kiwanja changu kiko kijijini kwa wazazi na katika miaka mitano nimelala huko usiku wa misiba tu. Nitaanza na likizo ya mwaka huu.

Dada wa Songea, hilo la mfuko wa nailoni limeninyima usingizi. Wasiwasi wangu ni kuitwa mwanasheria wa vichochoroni, kwa hiyo nafikiri nijiwekee mpaka: nitapanga karatasi, nitaorodhesha kilichopo na kinachokosekana, nitawaonyesha majina yanayogongana, na kuanzia hapo watakwenda mahakamani au kwa wakili wao wenyewe. Je, watu watakubali kumfungulia mgeni mfuko huo, na je, nitoze kitu au nisitoze?

Mkunga wa Songea:

Toza kidogo, hata kama ni gharama ya jalada na kalamu, kwa sababu cha bure watakirudisha juu ya kabati. Kuhusu kukufungulia, anza na waliokuzoea kazini, kisha uwaachie midomo yao. Mpaka uliojiwekea ni mzuri. Nami niliuweka wangu mlangoni usiku na wamezoea. Mume wangu amesoma maneno yako na anauliza kama unaweza kuanza na hati yetu ya kiwanja, ambayo yeye anasema iko kwa shemeji yangu na shemeji anasema iko kwetu.