Tupeane uzoefu: kamera yako ya kwanza ya kazi ya habari

Jirani wa Kibuye: Mpwa wangu anataka kuanza kupiga picha za habari hapa Kisumu. Ana shilingi 25,000. Nimekumbuka Canon 1100D yangu, ya mkono wa pili, megapikseli 12. Kila mtu aliniambia ni chache. Gazeti likaitoa picha yangu ya mafuriko ya Ahero nusu ukurasa na hakuna aliyelalamika. Semeni zenu, hasa mlipoumia.

Bondeni Nakuru: Kweli kabisa. Megapikseli si kitu, lenzi ndiyo jicho.

Binti wa Shinyalu: Mimi niliumizwa na hiyo lenzi. Nilinunua bodi ya Nikon D3200, yaani kamera bila lenzi, halafu nikapata lenzi ya 50mm f/1.8D kwa bei ya kutupa. Muuzaji akanyamaza. Bodi ile haina mota ya fokasi ndani, ile inayozungusha lenzi picha itoke kali, na lenzi za herufi D hutegemea mota ya bodi. Sikuipima, nikapanda boda alfajiri hadi Khayega, siku ya kupiganisha fahali. Ngoma ya isukuti inalia, vumbi limetanda, vijana wako juu ya miti. Nabonyeza, lenzi imetulia tuli. Nikaanza kuzungusha kwa mkono, jicho limeganda kwenye kamera. Sikuona fahali mmoja ameshindwa na kugeuka mbio upande wetu. Mzee mwenye fimbo alinikamata shati akanitupa mtaroni. Goti lilichanika, kamera niliikumbatia kama mtoto. Kati ya picha 140, iliyotoka kali ni moja: kijana juu ya mparachichi, mdomo wazi.

Mkulima wa Nyando: Uwiii! Fahali gani alishinda?

Bondeni Nakuru: Dada, pole sana. Kwa Nikon ndogo, lenzi iandikwe AF-S, yaani ina mota yake. Za Canon EF zina mota zake zenyewe.

Mtu wa Dunga: Mnampotosha kijana. Achukue Sony a6000, nyepesi, picha 11 kwa sekunde.

Jirani wa Kibuye: Na betri je? Mkutano wa siasa unaanza saa nne unaisha saa kumi na mbili, utachaji wapi?

Mtu wa Dunga: Betri mbili za ziada zinaingia mfukoni, ndugu yangu. Wewe unatetea tu ulichonunua.

Jirani wa Kibuye: Natetea kilichonilisha miaka sita.

Mama wa Kondele: Mnagombana bure. Atumie simu kwanza mwaka mmoja.

Bondeni Nakuru: Simu ukiwa jukwaani uwanja wa Afraha, mfungaji anatoka kama sisimizi.

Fundi wa Milimani: Kabla ya kulipa, apige picha moja, aichunguze kwenye kompyuta. Nikon huandika ndani ya faili la picha hesabu ya shata, yaani kamera imeshapiga picha ngapi, Canon nyingi haziandiki. Afungue pia mlango wa betri aangalie kutu, kamera za kando ya ziwa huoza kimya kimya. Halafu lenzi ya 50mm ni ndefu kwa bodi hizi, huvuta karibu mno, ndani ya matatu utapiga pua tu. Achukue 35mm.

Mtu wa Dunga: 50mm ni rahisi, aanze nayo.

Mkulima wa Nyando: Jamani, fahali?

Binti wa Shinyalu: Alishinda wa Malinya. Picha yake sina.