Gridi ikifika kijijini, mtambo wetu wa maji tuukabidhi au tuuongeze nguvu?

MLETA MADA

Kamwene ndugu zangu. Naleta hoja inayotugawa kijijini kwetu, huku nyanda za juu kusini, na najua kuna vijiji vingine vinaelekea kulekule. Tuna umeme wetu wenyewe: mtambo mdogo wa maji wa kilowati 60. Mashine tulipewa na wafadhili, jasho ni letu. Mchanga wa banio, ule ukuta unaokinga maji mtoni, tuliubeba kichwani, mfereji tukauchimba kwa zamu za vitongoji. Mali ni ya jumuiya ya watumia umeme, hakuna mwenye hati yake peke yake. Sasa nguzo za gridi ya taifa zimefika kijiji cha jirani, na Jumamosi tuna mkutano wa kuamua: tuzime mtambo tuingie gridi, au tubaki nao na kuuongeza. Msimamo wangu nausema mapema. Gridi ije, tena tuipokee kwa mikono miwili, lakini mtambo usizimwe na usitoke mikononi mwetu.

Kilichotufikisha hapa ni kukua. Tulipowasha mara ya kwanza tulikuwa nyumba 70 hivi, kila moja taa mbili tatu, redio na chaja ya simu. Leo tunakaribia 300. Kuna friza, saluni, mashine mbili za kusaga, mafundi wawili wa kuchomelea mageti, na runinga nyumba kwa nyumba. Saa 1 jioni fundi akigusa chuma tu, taa za mtaa mzima zinapepesa. Oktoba na Novemba ndiyo balaa: mtambo unaotaka lita 180 za maji kwa sekunde unapata 100, na kilowati 60 zinabaki 30 na kidogo. Hapo ndipo watu wanasema umeme umetushinda, tuwaachie wenye uwezo.

Wanaosema hivyo nawaomba waje siku moja kwenye kibanda cha mtambo saa 8 usiku. Mimi nina zamu pale mara mbili kwa wiki. Ukutani kuna pipa la maji lenye koili ndani. Mto haujui kwamba watu wamelala. Maji yanaendelea kusukuma mashine kwa nguvu ileile, na umeme usio na mtumiaji lazima upelekwe mahali, la sivyo mashine itakimbia kupita kiasi na kuunguza vifaa vya watu. Basi unapelekwa kwenye pipa. Usiku kucha linatokota, kibanda kinajaa mvuke mpaka kioo cha mita hakisomeki, unafuta kwa kiganja. Nimefuta na kusoma mara nyingi: usiku wa manane kijiji kizima kinatumia kilowati 8, siku nyingine 10. Zinazobaki, karibu 50, zinachemsha maji ambayo haogi mtu. Alfajiri natoka pale nakutana na akina mama njiani wanakwenda kutafuta kuni.

Kwa hiyo mimi nakataa kusema tuna upungufu wa umeme. Tuna msongamano wa saa nne, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Saa zinazobaki tunamwaga. Mashine za kusaga zikifanya kazi mchana tu, zikakaa kimya jioni, tunaokoa kilowati 30 kwa mpigo bila kununua hata msumari. Umeme wa usiku wa manane tuuze kwa bei ya chini kabisa kwa mwenye friza atakayegandisha usiku na kuzima jioni, kwa mwenye mashine ya kutotolea vifaranga, kwa vijana wa kuchaji betri.

Sasa nije kwenye bei, maana hapa ndipo tumejiumiza wenyewe. Tunalipa 5,000 kwa mwezi kila nyumba, mwenye taa mbili na mwenye friza mbili sawasawa. Ni bei ya siku ya kwanza. Kila kamati inayoingia inaogopa kuigusa kwa sababu uchaguzi uko mbele. Mwaka juzi beringi ilikufa, na kwenye sanduku hapakuwa na hata nusu ya bei yake. Tulikaa gizani wiki tano tukichangishana. Beringi! Kifaa unachokishika kwa mkono mmoja. Mtu akiniambia jumuiya haiwezi kuendesha umeme, nitamjibu kwamba kwa 5,000 isiyo na mita hata shirika la taifa lisingeweza.

Ninachopendekeza ni mita kwa kila nyumba, bei inayotosha matengenezo, na mashine ya pili ya kilowati 60. Najua mtauliza mashine ya pili itakula maji gani wakati kiangazi hata ya kwanza inalala njaa. Kiangazi tutachota kwenye gridi. Masika, wakati maji yanaruka juu ya banio na kupotea, tutawauzia. Utaratibu wa miradi midogo ya umeme unaosimamiwa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, unaanzia kilowati 100 hadi megawati 10 (megawati moja ni kilowati 1,000) kwa mtu anayetaka kuiuzia Tanesco, shirika la umeme la taifa. Sisi na 60 zetu tuko nje ya mlango, tukifika 120 tumeingia. Na gridi ikikuta mradi mdogo mahali, mwenye mradi ana njia: kuuza umeme wake kwa shirika, kununua kwa jumla na kuwasambazia watu wake, au vyote viwili. Kuzima si lazima.

Mfano uko karibu. Mwenga, Mufindi, mtambo wa maji wa megawati 4 unafanya kazi tangu 2012. Unawasha vijiji na kuiuzia Tanesco, na baadaye wakaongeza mitambo ya upepo ya megawati 2.4, kwa sababu kule upepo unavuma vizuri msimu ambao mto umepungua. Ule ni wa kampuni, nakubali. Lakini mto hauulizi mwenye hisa ni nani. Na Ludewa, Mawengi, mtambo wa karibu kilowati 300 uliwekwa chini ya jumuiya ya watumiaji wenyewe, LUMAMA. Karibuni tujadili.

MPANDA NGUZO

Mkuu, nimekusoma kwa heshima, lakini nimepanda nguzo zaidi ya miaka ishirini na siwezi kukuunga mkono. Mtambo wa kijiji una uzuri wake siku ya kuzindua. Mwaka wa kumi nguzo za mkaratusi zisizotiwa dawa zinaoza chini, waya unaning'inia mpaka mtoto anaufikia, na fundi aliyefundishwa na wafadhili ameshahamia Makambako. Nimeitwa kwenye vijiji vya namna hiyo. Yapo niliyoyakuta ambayo sitayaandika hapa.

Halafu tuangalie namba. Bwawa la Julius Nyerere, kule mto Rufiji, lina megawati 2,115, mashine tisa za megawati 235. Machi 2024 Tanesco ilizima vituo vitano vya maji kwa sababu umeme ulikuwa umezidi mahitaji. Nchi inazima vituo, wewe unataka kununua mashine ya kilowati 60! Kuunganishiwa kijijini ni 27,000. Uniti ni shilingi 100 bila kodi kwa anayetumia mpaka 75 kwa mwezi. Mita yako na bei yako ya "kutosha matengenezo" itafika ngapi? Mwaka 2020 serikali ilipowaelekeza wenye gridi ndogo, yaani mitambo ya vijiji kama wako, nao wauze kwa shilingi 100, wengi walilia kwamba hailipi. Mwananchi hawezi kumlipa jirani yake mara tatu ya anacholipa mtu wa gridi kwa sababu tu mtambo ni wetu.

Na Urambo mmeisahau? Pale Tabora wananchi walianzisha ushirika wao wa watumia umeme mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa majenereta ya dizeli. Walijitahidi sana, wanachama waliongezeka mpaka wakapita mia mbili. Lakini umeme ulikuwa wa jioni kwa saa chache, na bei ilikuwa juu ya ile ya shirika. Mahitaji yanayokua yanataka mgongo mkubwa.

MAMA WA SALUNI

Kaka mleta mada, mimi nina saluni kijiji kama chenu. Wateja wangu wanatoka shambani saa 11, wakioga na kuja ni saa 12. Hiyo "saa ya msongamano" unayotaka kuibana ndiyo saa yangu ya kula. Na nikuulize: kwenye kamati yenu kuna mwanamke mwenye biashara hata mmoja? Kwetu wajumbe watatu kati ya saba ni wenye mashine za kusaga. Wakikaa kupanga zamu unafikiri nani atazimiwa? Shirika la taifa likikata linatukatia wote. Mtambo wa jumuiya unaweza kumkatia mmoja.

MKENYA WA MERU

Habari zenu majirani. Kwetu Mbuiru kulikuwa na mradi wa mto Tungu-Kabiri, kilowati 18 tu, ukimilikiwa na wananchi walionunua hisa. Wao hawakujaribu kuwasha kila nyumba. Umeme waliupeleka kwenye kituo kimoja cha biashara: kinyozi, kuchomelea, kuchaji betri. Ukiwa na kidogo, amua kwanza kinafanya kazi gani. Sisemi ndiyo njia yenu, nasema ni swali la kujiuliza kabla ya kununua mashine ya pili.

MTANZANIA WA NEW YORK

Niongeze kitu kutoka huku, kwa sababu watu wanadhani umeme wa wananchi ni mambo ya vijijini Afrika. Marekani ina mashirika ya umeme ya umma kama 2,000, mengi yakiwa ya miji midogo, na jimbo zima la Nebraska linahudumiwa na mashirika ya umma na ushirika. Nami niko jirani na Plattsburgh, mji mdogo karibu na mpaka wa Kanada, wenye shirika lake la umeme. Mji una mgawo wake, yaani fungu la megawati 104 za umeme wa maji, rahisi sana. Wachimba bitcoin, wale wanaotafuta sarafu ya mtandaoni kwa kompyuta, wakausikia, wakaja na kompyuta zao zinazonguruma usiku na mchana. Baridi ya 2017 kuingia 2018 mji ukavuka mgawo, ukalazimika kununua sokoni kwa bei ya juu, na bili za wazee wanaopasha nyumba joto kwa umeme zikapanda. Machi 2018 baraza la mji likasimamisha wachimbaji wapya kwa miezi 18. Wasimamizi wa umeme wa jimbo nao wakaruhusu mashirika ya miji ya namna hiyo kuwatoza wateja hao bei ya juu zaidi, ili gharama wanayoileta isimwangukie mwananchi.

Ndugu Mpanda Nguzo, angalia jambo moja. Waliokaa kuamua walikuwa watu wanaolipa bili hizohizo.

MLETA MADA

Nimewasoma wote, wengine mara mbili.

Ndugu yangu Mpanda Nguzo, kuhusu nguzo na waya umesema kweli tupu. Zetu mbili zimeegemea, na moja ni karibu na shule. Hilo nitalipeleka Jumamosi kabla ya habari ya mashine ya pili, na kama fedha ni ya kitu kimoja, iwe ya nguzo. Lakini kwenye bwawa la Nyerere tusikimbie. Umeme kuwepo Rufiji na umeme kufika kwetu ni mambo mawili. Machi 2025 Rais Samia mwenyewe alieleza kwa nini Kanda ya Kaskazini inunue umeme kutoka Ethiopia: njia ya kuufikisha kule ni ndefu na unapotea mwingi. Sisi tutakuwa mwisho wa waya unaopita kwenye misitu ya miti ya kupanda. Mti mmoja ukiangukia laini wakati wa mvua, vijiji vyote vya mbele ni giza, na mafundi wana eneo kubwa la kuzunguka. Mtambo ukiwepo, zahanati na mashine ya kusaga vitawaka siku hiyo.

Bei: hoja yako ya 2020 inanipa nguvu mimi. Anayeuza uniti 100 ana wateja wa mjini wanaolipa 356 kodi ikiwemo, wanamfidia. Sisi hatuna mjini. Kutulazimisha bei hiyo bila kutupa fidia hiyo ni kutuzima polepole. Ndiyo maana nataka tuiuzie gridi masika, fedha hiyo ndiyo iwe mjini kwetu, ishushe bei ya nyumba zenye taa mbili. Urambo walikuwa wanachoma dizeli, kila uniti waliyoongeza ilikuwa fedha ya mafuta. Maji yetu hayana risiti. Hapo tunatofautiana nao sana.

Mkenya wetu, asante. Swali lako nimeliandika kwenye daftari kama lilivyo.

Dada wa saluni, wewe umenigusa kuliko wote, na nakiri nilikosea. Nilipanga saa kwa kuangalia mita, sikuangalia nani anatumia nini ndani ya zile saa. Daftari la zamu ninalo, nimelipitia tena: mashine moja ya kusaga inavuta kilowati 15 jioni, na drayer ya saluni haifiki mbili. Kwa hiyo kanuni isiwe "jioni hapana". Iwe kwamba chombo kinachovuta zaidi ya kilowati 3 kisiwashwe kati ya saa 12 na saa 4, kiwe cha nani, awe mjumbe asiwe mjumbe. Na kwenye kamati yetu ya watu tisa, mwanamke ni mmoja, mtunza hazina. Hana biashara. Nitapendekeza viti vitatu, kimoja cha mwenye biashara ya jioni.

Ombi langu kwako, kama kijiji chako si mbali: njoo Jumamosi saa 4 asubuhi, ofisi ya kijiji. Wageni wanaruhusiwa kuzungumza kabla ya kura. Hayo ya wajumbe watatu kati ya saba yaseme wewe mwenyewe, kwa sababu nikiyasema mimi watadhani nawachongea majirani.