MJADALA: Je, mvuvi wa dagaa ni maskini kwa sababu anakunywa pesa ya giza?

Mleta mada:
Wakuu, juzi pale mwalo wa Kirumba, ufukweni Mwanza wanaposhushia samaki wa Ziwa Victoria, mzee mmoja mwenye mitumbwi mitatu alituambia: "Hawa vijana wangu hawatatoka. Pesa ya giza wanaimaliza mbalamwezi." Kwa wasiokulia ziwani: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka mitumbwi inapumzika, na vijana wengine wanashinda vilabuni. Kwa umri ni baba yangu, nikanyamaza. Ila sikukubali.

Kauli yake ina wenzake vyuoni. Mwaka 1945 wanasosholojia wawili Wamarekani, Kingsley Davis na Wilbert Moore, waliandika kwamba jamii hulipa zaidi kazi muhimu zinazohitaji kipaji na mafunzo marefu, la sivyo wanaoziweza hawatajisumbua nazo. Baadaye mwanaanthropolojia Oscar Lewis akaja na "utamaduni wa umaskini": maskini huwarithisha watoto tabia kama kuishi kwa ajili ya leo tu. Wanaomtaja husahau kwamba yeye mwenyewe aliziona tabia hizo kama namna ya kukabiliana na hali.

Tuwapime hapa mwaloni. Kazi muhimu ni ipi? Vijana wasipovuta nyavu usiku mmoja, hakuna dagaa wa kuanika wala lori la kupakia. Mwanasosholojia mwenzao Melvin Tumin aliwauliza Davis na Moore swali hilohilo mwaka 1953: umuhimu unapimwa na nani? Na kipaji cha mtoto aliyeacha shule kwa kukosa sare mtakionaje?

Karl Marx angeuliza mtumbwi ni wa nani. Kambi ninayoifahamu, inatolewa petroli na chakula kwanza, kisha mtumbwi, injini na nyavu vinapata fungu lao. Nyavu hazisikii baridi ya usiku, lakini fungu lake linalizidi la mikono minne inayozivuta.

Mimi naongeza hili: tabaka utaliona kwenye hasara kuliko kwenye mapato. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, mnunuzi wa Ulaya alitafuta samaki kwingine. Mvuvi wa sangara alibaki ufukweni na bei iliyoanguka. Kunywa hakukuwa na uhusiano wowote na hilo.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unatuonea. Mimi nilianza kuvuta nyavu za watu, sikunywa, leo nina mtumbwi. Na kama hoja ni hasara, injini yangu iliibwa mwaka jana. Hakuna kijana aliyechangia hata shilingi. Fungu la nyavu unaloliona kubwa ndilo linalonunua nyavu mpya zikichanika.

Mleta mada:
Pole sana, kaka. Hilo la nyavu nakubali, nililipita haraka. Lakini injini ilipoibwa ulirudije ziwani?

Mchangiaji wa kwanza:
Wakala ninayemuuzia alinikopesha nyingine. Namlipa kwa mzigo, kwa bei yake.

Mleta mada:
Ndipo ilipo tofauti. Wakala alikukopesha kwa sababu una mtumbwi. Kijana wako akiumia mkono, nani anamkopesha? Mwanasosholojia Max Weber angeiita hiyo nafasi ya mtu sokoni: unaingia na nini mkononi. Wewe uliingia na mtumbwi, yeye ana mkono uliovimba. Na tazama, wakala naye amekushika wewe kwa bei, kwa hiyo tusiseme kuna matajiri na maskini tu. Kuna ngazi, na kila aliye juu anamsukumia hasara wa chini yake.

Mchangiaji wa pili:
Shikamooni wakubwa. Mnabishana wenye mitumbwi na wavuta nyavu, sisi wanawake tunaoanika hamjatutaja. Nanunua ndoo kwa taslimu alfajiri, namwaga mchangani, mvua ikinyesha saa nne dagaa wote ni chakula cha kuku. Aliyeniuzia ameshalipwa. Sinywi pombe, nina kikoba, na bado kila masika narudi kukopa. Sasa hapa kwetu zimekuja chanja za kuanikia, dagaa hawagusi mchanga na wanauzwa bei nzuri. Mwenye chanja anatukodisha kwa siku, na siku ya mvua kodi ni ileile. Na yeye ni mama mwenzetu, tuliuza naye mapanki, yale mabaki ya sangara kutoka viwandani, zamani. Huyo mnamweka wapi?