Deikea iwapigishe watoto mswaki, au hiyo ni kazi ya mzazi?

Mama Zawadi, Kaptembwo: Wangu ana miaka 3 na meno 4 ya mbele yameoza mpaka kwenye fizi. Namwacha deikea alfajiri, namchukua usiku. Kule ni uji wa sukari, na akilia anapewa chupa ya chai alale nayo mdomoni. Meno yanaozea kule. Naomba deikea zote za Nakuru ziwapigishe watoto mswaki baada ya uji.

Mlezi wa Rhonda: Yanaozea kule? Sukari mnaileta nyinyi wenyewe, imefungwa kwenye karatasi, mkisema mtoto hanywi bila. Nina watoto 22. Miswaki 22 kwenye kopo moja, nywele zinagusana, mmoja akiharisha wote wanaharisha, halafu ni mimi naulizwa.

Baba Pendo: Tusidanganyane. Nakuru hii upige mswaki usipige, meno ni kahawia tu. Mswaki wa nini?

Wa Njoro: Baba Pendo, yangu ni kahawia na sijang'olewa hata moja. Nilichekwa shule nzima kwa maneno kama hayo. Rangi hii ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji ya visima, si uchafu.

Baba Pendo: Nani ametaja uchafu?

Wa Njoro: Umeuliza mswaki wa nini. Tunakuelewa.

Fundi Maji: Visima vingi vya Bonde la Ufa vinapita kile kiwango cha floraidi cha Shirika la Afya Duniani (WHO), miligramu 1.5 kwa lita. Jino huharibika likiwa bado linajiunda ndani ya fizi, ndiyo maana wanaoumia ni watoto. Na msichemshe mkidhani mmetibu: maji yanapungua, floraidi inabaki. Kuna filta za mkaa wa mifupa, zile za Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru. Hizo zinaipunguza.

Bi Halima, Bondeni: Mifupa ya mnyama gani? Nani alimchinja? Wajukuu wangu hawanywi hayo maji.

Fundi Maji: Ya ng'ombe, Bi Halima, imechomwa kwenye tanuri. Aliyechinja siwezi kukuapia. Basi kinga mvua, haina shida hiyo.

Baba Pendo: Na dawa ya meno si ina floraidi hiyo hiyo? Mnawaongezea?

Muuguzi: Inayopakwa kwenye jino hulikinga lisioze. Ubaya ni kuimeza. Chini ya miaka 3 weka kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 hadi 6 punje ya minji, na mtu mzima awe amemshikia mswaki.

Mlezi wa Rhonda: Mtu mzima ni mimi na dada mmoja! Hesabuni.

Mama Zawadi: Mimi nimeuliza deikea, mmenipeleka visimani. Haya, tuchange miswaki, kila mtoto na kikombe chake kimeandikwa jina, na tangi la mvua hapo nje.

Mlezi wa Rhonda: Nimeomba tangi tangu mwaka jana. Mwenye nyumba hataki paa lake liguswe.

Mama Zawadi: Mwenye nyumba yupi? Yule wa geti la bluu?