Simu nne juu ya tumbo: zile tafiti za panya wenye mimba zinasemaje?

WakalaMbagala
Habarini wapendwa. Mimi ni wakala wa kutuma na kutoa pesa hapa Mbagala, na nina mimba ya miezi mitano. Simu za kazi ni nne na zote hukaa kwenye mfuko wa aproni, juu ya tumbo kabisa, tangu nafungua kibanda hadi nafunga. Jana wifi yangu kanitumia ujumbe kwamba huko Marekani panya wenye mimba waliwekewa simu, wakazaa watoto wasiotulia. Usingizi umenikimbia. Kazi siwezi kuiacha, ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Kuna anayeujua huo utafiti wenyewe?

FundiPanya
Hongera kwa ujauzito dada, na pole kwa hofu. Kazi yangu ni kutunza panya wa maabara, kwa hiyo hili linanigusa.

Wifi yako hakutunga. Ni utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, 2012. Simu iliwekwa juu ya vizimba vya panya wa aina ndogo wenye mimba, ikiwa hewani bila sauti. Wenzao wa kulinganishwa waliwekewa simu iliyozimwa. Watoto wa kundi la kwanza walipokua walihangaika zaidi na kumbukumbu yao ilikuwa dhaifu.

Ila yapo ambayo ujumbe haukusema. Panya yule hata kiganja hakijazi. Simu ikiwa sentimita chache juu yake, mawimbi yanamwingia mwili mzima pamoja na watoto wote tumboni. Kwako sehemu kubwa inaishia kwenye ngozi, mafuta na misuli kabla ya kumfikia mwanao. Tena wanasayansi wengine waliulaumu utafiti huo kwa kutopima sawasawa kiasi kilichomwingia kila mnyama. Panya hatulii, mara yuko chini ya simu, mara kajibanza kona. Na akiwa na mimba hushtuka upesi: kelele au kuhamishwa kizimba tu vinaweza kumvuruga.

Mimi nauamini zaidi ule wa taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu, uliokamilika 2018. Panya wa aina kubwa walipigwa mawimbi tangu wakiwa tumboni mwa mama zao, jumla ya saa 9 hivi kwa siku, dakika 10 yakiwaka, 10 yakizimwa. Kipimo cha juu cha mawimbi kilikuwa wati 6 kwa kila kilo ya uzito, mwili mzima. Simu inayouzwa huko hairuhusiwi kuzidi 1.6, tena hapo inahesabiwa sehemu ndogo tu ya mwili. Watoto walizaliwa wepesi kidogo. Baadaye baadhi ya madume walipata saratani ya moyo, lakini madume waliopigwa mawimbi kwa jumla waliishi muda mrefu kuliko wale wasiopigwa. Mambo hayajanyooka, ndiyo maana yanabishaniwa mpaka leo.

Baba_Zawadi
Si mionzi ile ile ya eksirei? Eksirei wajawazito wanakatazwa.

FundiPanya
Hapana kaka. Eksirei ina nguvu ya kuvunja chembe za uhai. Ya simu ni mawimbi ya redio, kinachojulikana wazi ni kwamba yakizidi hupasha mwili joto, na joto likizidi hudhuru mimba. Mwaka 2023 ulitoka uchambuzi wa tafiti nyingi za wanyama ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani: idadi ya watoto kwa uzao mmoja haikupungua, uzito wao ulipungua kidogo.

MkungaRehema
Mwanangu, nimezalisha wanawake wengi. Kwa umri huo wa mimba mimi ningekuuliza kwanza presha, wingi wa damu na kama unalala kwenye chandarua. Kliniki umeshaanza? Hizo simu zitoe tumboni tu, haikugharimu kitu.

WakalaMbagala
Asanteni sana. Kliniki nahudhuria mama, damu iko vizuri. Nikizitoa nizifiche wapi? Hapa vibaka wengi. Nina kisanduku cha bati chenye kufuli.

FundiPanya
Bati hapana, linazuia mtandao, na simu ikihangaika kutafuta mnara huongeza nguvu ya kurusha. Mwambie seremala akutengenezee droo ya mbao chini ya meza, upande wa pili na unapokaa. Hata umbali wa mkono mmoja hupunguza sana.

WakalaMbagala
Seremala yuko jirani yangu. Namfuata sasa hivi kabla wateja wa jioni hawajaanza.